Kadi za waongofu zimevunja umoja wa wachungaji kata yetu, kwenu mnafanyaje?

katibu_wa_kata

Bwana asifiwe wapendwa, na wengine wote habari za saa hizi.

Mimi ni mchungaji wa kanisa dogo tu hapa Mbeya, kata sitaitaja maana wenzangu wapo humu wanasoma. Mwaka wa tatu sasa ni katibu wa umoja wa wachungaji wa kata, na ukatibu wenyewe ni kubeba daftari na kuwapigia watu simu kuwakumbusha kikao, bando la kwangu mwenyewe. Tuko makanisa 17, kuna ya Kipentekoste yenye majimbo na maaskofu wao, kuna Wabaptisti, kuna ndugu zetu Wamoraviani wa upande wa uamsho, na kuna huduma binafsi kama tano hivi za kwenye fremu na mabanda ya mabanzi.

Mwaka jana mwezi wa tisa tukafanya mkutano wa injili wa pamoja siku saba, na kusema ukweli sijawahi kuona kitu kama kile. Kwaya zinaachiana jukwaa bila kununiana, akina mama wanapika sufuria moja, siku ya Alhamisi ukaja upepo ule wa kwetu wa vumbi ukang'oa turubai upande mmoja, wachungaji wakavua makoti wakashika kamba na mahubiri yakaendelea. Watu waliokoka kweli kweli. Tuliandika kadi 212, kila kadi ina jina, namba ya simu, mtaa anaokaa na jirani anayemfahamu.

Shida ikaanzia hapo hapo kwenye kadi. Vyombo vya muziki vilikuwa vya kanisa moja kubwa, na meza ya kuandikia watu ikawekwa karibu na mikisa yao, waandikaji vijana wao. Jumapili usiku tumefunga mkutano, kadi zikaondoka na lori la vyombo. Nikaomba, nikaambiwa "tunazichambua kwanza mtumishi". Wiki mbili baadaye tukaletewa kadi 61, nyingi za watu wa kata nyingine kabisa, zingine namba ya simu ina tarakimu nane, ndo makanisa 16 tugawane hizo. Alafu waimbaji wangu wawili waliosimama kwenye praise ya mkutano, Jumapili ya tatu nikasikia wamevaa sare ya kwaya ya pale pale.

Nao wana lao. Wanasema sisi tulitoa jenereta, mafuta, spika, lori, nyie mlitakiwa elfu thelathini kila kanisa na wengine hamkutoa. Hapo hawajadanganya, daftari ninalo mimi, makanisa sita hayakutoa hata mia.

Tangu hapo kikao cha Jumanne ya pili ya mwezi walikuwa wanakuja 14, mwezi uliopita tumekuwa wanne, chai thermosi mbili imebaki. Wengine wanasema bora tuvunje tuwe tunakutana misibani tu.

Naomba msinijibu kwa Yohana 17 peke yake, ile ya "wote wawe na umoja", hiyo nimeihubiri mpaka washirika wanaimalizia wenyewe. Nataka kujua huko kwenu mnafanya nini HASA, maana mwezi ujao nina kikao kingine na sijui hata niandike agenda gani.

mchuma_mboga

Sadaka mkuu. Kila kadi mnaiona ni fungu la kumi linalotembea kwa miguu. Mengine yote ni lugha ya kanisani.

baba_turubai

Mchuma mboga umesema kwa ukali ila hujakosa sana. Mwanangu katibu, pole na kazi.

Nimechunga miaka 26, nilianzia vijijini Rukwa sasa niko Morogoro mjini, na mikutano ya pamoja nimeshiriki mingi mpaka nimesahau idadi. Mimi naona mlikosea kabla hata ya wimbo wa kwanza, siku mlipokubali vyombo vya bure. Mwenye spika akishatoa bure anakuwa anawadai, na kwa kuwa hamna hela anajilipa kwa kadi, hata yeye mwenyewe anaweza asijue kwamba anajilipa. Sisi tukijaliwa kufanya mkutano tunakodi vyombo, hata kama ni vya mmoja wetu. Tunakaa tunapatana bei, anatupunguzia kama ndugu, tunamlipa mbele ya kikao, anasaini. Akimaliza kusaini ni mchungaji kama wengine. Asiye na hela anatoa mchele, kuni, vijana wa kulinda usiku, yote inaandikwa thamani yake. Kanisa lenye washirika 20 likileta gunia la mkaa limetoa, siyo "halikutoa hata mia".

La pili hiyo meza. Sisi tulichapisha vitabu vya kadi kama vile vya risiti, vya kaboni, nakala tatu. Moja anaondoka nayo aliyeokoka, imeandikwa jina la mchungaji na simu yake, moja inaenda kwa huyo mchungaji usiku ule ule, ya tatu inabaki kwenye kitabu na kitabu kinakaa kwa katibu. Waandikaji wanatoka kila kanisa na wanakaa wamechanganyika, mtu haandiki na wa kwake. Swali la kwanza siyo "unakaa mtaa gani", ni "nani kakuleta hapa?" Mtu kaja na jirani yake anayemuamini, wewe unamtoa unampeleka kanisa asilomjua hata mmoja kisa liko karibu, Jumapili ya pili humuoni. Asiyeletwa na mtu ndiyo tunaangalia mtaa.

La tatu ni hao waimbaji wako. Zamani mshirika akihama alikuwa na barua, sasa hivi nani anabeba barua, kwa hiyo tumekubaliana simu. Mtu wa kanisa la jirani akikaa kwangu Jumapili tatu, mimi niliyempokea ndiyo napiga. Sipigi kuomba ruhusa wala kumrudisha, mtu mzima ana miguu yake. Nauliza tu, kuna jambo ninalopaswa kulijua? Dakika tatu imeisha. Kuna kijana alikuja kwangu mtanashati, anatoa zaka, anataka ndoa ya haraka na binti wa kwaya yangu. Nikampigia mchungaji alikotoka, mzee akanyamaza kidogo kwenye simu kisha akaniuliza, "Na yule mke wa Ifakara amemwambiaje?" Hebu fikiria tungekuwa hatusalimiani.

Swali langu kwako: kadi 212 kutoa 61 zinabaki 151. Ziko wapi leo?

mama_mch_tabora

Nimesoma nikacheka peke yangu hapa. Wanaume 14 wameshindwa kuelewana mbele ya thermosi mbili, na hizo thermosi nani alizipika na nani aliziosha?

Huku kwetu wachungaji wawili, sitasema wa wapi, hawajasalimiana tangu mmoja afungue tawi mita mia mbili kutoka kwa mwenzake, lakini wake zao wako kikundi kimoja na mimi. Tuko kina mama 11 wa makanisa tisa, kila Jumatano ya mwisho wa mwezi elfu tano tano, mzazi anapewa, mfiwa anapewa, na sasa tumefika mahali tunakopeshana. Mvua ilipoezua kanisa la mwenzetu sisi tulishanunua mabati kumi kabla waume zetu hawajakubaliana nani aitishe kikao cha dharura. Siku ya kupiga misumari ikabidi waje tu, kwa sababu ngazi ilikuwa ya huyu na nyundo za yule 😂 wakafanya kazi juu ya paa kimya kimya mpaka saa kumi.

Mtumishi katibu, kwenye daftari lako kuna jina la mwanamke hata mmoja? Hao walioandikwa kwenye kadi zaidi ya nusu watakuwa wanawake, tena wengine wana waume wasiotaka kusikia kanisa. Leo unamtuma mchungaji mwanaume apige simu saa mbili usiku kwenye nyumba ya mtu, unategemea nini?

mberoya

Naheshimu michango ila mnazunguka. Meza, kaboni, mabati, sawa. Swali la kwanza la umoja ni umoja na NANI? Huyo katibu kasema ana huduma binafsi tano za kwenye fremu. Je wanafundisha nini? Kuna watu mtaani wanauza maji, mafuta, chumvi, kitambaa, wanamwambia mgonjwa aache dawa. Ukisimama naye jukwaa moja umemuidhinisha, watu wako wakimfuata kesho usilie kaibiwa kondoo, ulimtambulisha mwenyewe kwa kipaza sauti. Sote tuliona Shakahola kule Kenya 2023, watu walidaiwa kuambiwa wafunge mpaka wafe, zaidi ya miili 400 ikafukuliwa msituni, na kiongozi wao naye alikuwa anaitwa mchungaji. Mimi bora nikae peke yangu na watu wangu 80 kuliko umoja wa kukusanya kila anayejiita mtumishi.

pasta_wa_likoni

Salamu kutoka Mombasa. Ndugu Mberoya hilo neno ni zito na sisi wa Pwani limetugusa kwa karibu, Shakahola iko kaunti ya jirani hapa Kilifi. Lakini mimi nililijibu kinyume na wewe. Kukaa kila mtu peke yake ndiko kulikoacha mtu kama yule asiwe na wa kumuuliza. Baada ya yale mambo hata chifu na majirani Waislamu walikuwa watuuliza, nyinyi mwajuana kweli? Na jibu la haki lilikuwa hatujuani, twapitana barabarani tu na makanisa yaangaliana.

Sisi tulianza na jambo dogo mno. Mtu akija kufungua kanisa mtaani, wachungaji wawili waenda kumtembelea na kunywa chai naye. Wamuuliza ni nani alikuwekea mikono, ni nani akujua ulikotoka, pesa za kanisa zahesabiwa na nani, na mgonjwa akija kwako wamwambia nini kuhusu dawa. Hatuna nguvu ya kumfungia mtu na hatutaki, hiyo ni kazi ya serikali. Lakini asiyeweza kujibu hayo manne hapandi jukwaa letu, na yeye mwenyewe huwa hataki. Wengi wao wajibu vizuri, tena wafurahi, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kuwatembelea tangu wapange hicho chumba.

Lingine ni mwezi ukiwa na Jumapili tano, ile ya tano twabadilishana mimbari. Mimi naenda kwa jirani, jirani aenda kwa mwingine, kwa kura. Si kwamba yote ni mazuri, mwaka mmoja mgeni alituhubiria saa mbili na nusu halafu akatoa namba yake ya simu watu watume sadaka ya mbegu. Huyo tulimkalisha chini na hajaingia kwenye kura tena. Lakini washirika wangu sasa wawajua wachungaji wa mtaa kwa sura, mtu akigombana nami hawezi kwenda kule akanichora kama shetani, maana kule wamenisikia kwa masikio yao.

msomi_wa_mkeka

Naomba niongeze historia kidogo, mtanisamehe urefu. Haya mnayogombania yana zaidi ya miaka mia hapa hapa kwetu.

Juni 1913 kule Kikuyu, Kenya, wamisionari wa Kianglikana, Wapresbiteri wa Scotland, Africa Inland Mission, Wamethodisti na wengine walikutana kupanga shirikisho la misheni zao. Mwisho wa mkutano wakala meza ya Bwana pamoja, ndani ya kanisa la Wapresbiteri, askofu wa Mombasa ndiye aliyeongoza. Frank Weston askofu wa Zanzibar kusikia vile akawaka, akawashtaki maaskofu wa Mombasa na Uganda kwa Askofu Mkuu wa Canterbury kwamba ni wazushi, magazeti ya Uingereza yakapata la kuandika. Lile shirikisho kubwa la kanisa moja likafa. Ila mwaka 1918 wakarudi wakaunda muungano wa kazi tu, na kazi iliyotoka humo ni shule, Alliance High School, ilifunguliwa 1926 na ipo mpaka leo. Mambo ya meza ya Bwana hawakuyamaliza, lakini watoto walisoma.

Na Biblia tunayoshika wengi wetu, ile ya Union ya 1952, mnadhani jina limetoka wapi? Kabla yake kulikuwa na Biblia ya Kiunguja ya wamisionari wa Zanzibar na nyingine ya Kimvita ya Mombasa, wakakaa miaka wanabishana neno kwa neno mpaka ikapatikana moja ya wote.

Sasa baba_turubai naomba nikubishie kidogo kwenye mtaa. Kugawana watu kwa maeneo ndiyo misheni walifanya zamani. Huko huko Mbeya Wamoraviani na Walutheri wa Berlin walifika wote 1891 wakagawana nchi, huyu huku yule kule, ndo maana mpaka leo ukisikia mtu katoka sehemu fulani unajua na dhehebu lake. Ilisaidia kuzuia ugomvi kijijini. Ila mtu akihamia mjini ule mpaka wa maeneo unakufa, Mmoraviani yuko Dar, mtu wa AIC, lile kanisa lililotokana na Africa Inland Mission, yuko Arusha, anaenda anapotaka. Leo na bodaboda ndo usiseme. Kwa hiyo swali lako la "nani kakuleta" naliunga mkono mikono miwili, la mtaa nina mashaka nalo.

baba_turubai

Msomi nakubali, mtaa ni wa dharura tu. Ila mtu asiye na nauli bado kanisa lake ni la kufika kwa miguu, hilo tusilisahau sisi wenye pikipiki.

Mberoya ndugu yangu, watu 80 ni wengi, Mungu akuzidishie. Siku ukifiwa nani atakuzika, watu wako 80 peke yao?

mberoya

Mzee hapo umenipiga chini ya mkanda. Ila maswali manne ya pasta wa Likoni nayachukua.

mchuma_mboga

Mtu wa kusajili umoja asijitokeze tafadhali. Kwetu tulisajili, tukapata katiba, muhuri na mwenyekiti wa maisha.

katibu_wa_kata

Asanteni sana, nimeandika karibu kila kitu. Baba turubai, kadi 151 sijui ziko wapi na nimegundua sijawahi kuuliza tena tangu mwezi wa kumi, nilinuna tu nikaendelea kuwanunisha na wengine. Mama mchungaji, hapana, hakuna hata mmoja. Nitarudi na mrejesho.

katibu_wa_kata

Mrejesho, wiki tatu zimepita.

Sikuitisha kikao. Nilimchukua mke wangu tukaenda nyumbani kwa mchungaji mwenye vyombo, jioni, bila daftari. Nilikuwa nimejipanga kwa maneno makali kidogo lakini mke wangu akaanza yeye, akamshukuru kwa mafuta ya jenereta ya siku saba, akasema makanisa sita hayakutoa na sisi tulichelewa, hiyo ni aibu yetu. Yule mzee akakaa kimya. Akamwita kijana wake, akaingia stoo akatoka na boksi la maji ya kunywa limefungwa na solotepu. Kadi zilikuwa humo. Zote. Kumbe hawakuzigawana wala kumaliza kuzichambua, walichambua hizo 61 wakachoka, kijana aliyepewa kazi akapata ajira Tunduma akaondoka, boksi likabaki chini ya nyaya. Kwa hiyo miezi nane yote nimekuwa nikisema wametuibia watu, na watu wenyewe hawajapigiwa simu na mtu yeyote, hata wao.

Waimbaji wangu wawili nilimuuliza pia, akasema alidhani nimewaruhusu. Wamebaki kwake. Inauma ila ndo hivyo.

Jumanne tukakutana tisa, na kina mama watano, kwenye sebule yake. Tukamwaga kadi kwenye mkeka. Mke wangu na mama mmoja wa Wabaptisti ndo walikuwa wanasoma, jina, mtaa, jirani, sisi tunasema "huyo namjua" au tunanyamaza. Za wanawake wamezichukua wao, wanaenda wawili wawili mchana. Hela ya mkutano ujao hatujaigusa kabisa, na wale sita wawili tu ndo walikuja.

Katikati ya kusoma mke wangu akasimama akaniangalia. Kadi ya mama mmoja anayeuza vitumbua kwenye kona ya kanisa langu. Pale penye "jirani anayemfahamu" ameandika jina langu. Miezi nane hii nanunua kwake vitumbua viwili kila Jumamosi nikienda kufagia kanisa, ananiita mchungaji, namwambia ubarikiwe, napita.

Simu yake nimepiga haipatikani. Jumamosi tunaenda wote wawili na mke wangu, saa moja asubuhi, kabla hajamaliza kuuza.